Ng'ombe wa Mwenyekiti Wamehamia kwa Jirani

Wenzangu, leo uso wangu nimeuacha Mashuuru. Nimerudi Kitengela na mwili tu.

Msinitumie pole bado. Someni kwanza, kisha mwamue kama ninastahili pole au fimbo.

Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni Mwende wa Noonkopir, hapa Kitengela, kifungua mimba wa nyumba yetu. Baba alitangulia. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Wiki ile ile nilirudisha vitabu vya shule mwenyewe, kwa miguu, kwa sababu nyumbani kulikuwa na wadogo zangu, Kioko na Mumbua, na hapakuwa na mwingine wa kuwapikia. Kuandika programu nilijifunzia kwenye duka la kompyuta nilikokuwa nikipiga deki. (Ndiyo, deki. Unapiga deki polepole sana karibu na mtu anayejua kitu, mpaka na wewe unakijua.) Sina cheti. Nina laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani, haiwaki mpaka ichomekwe ukutani. Nina Java, lugha ya kuandikia programu. Basi.

Sasa, kuna kikundi cha wafugaji upande wa Mashuuru. Wanataka mfumo ambapo kila mfugaji anaandikisha mifugo yake: rangi, pembe, alama za masikio. Ng'ombe akipotea wakati wa kiangazi, au akichanganyika na wengine kwenye maji, aliyemwona anafungua simu na kujua ni wa nani. Katibu wao, Madam Nasieku, alinikuta nikitengeneza kompyuta ya daktari wa mifugo hapa mjini. Akaniuliza kama naweza kazi hiyo. Nikasema naweza. (Sikuwa naweza. Miezi minne baadaye, naweza kidogo.)

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuonyesha. Mfumo ukifanya kazi mbele ya wanachama, wananichukua mwaka mzima, kwa barua yenye muhuri. Ukikataa, wanaita kampuni kutoka Nairobi. Nasieku hakunificha.

"Mwende, kuna watu kwa kamati wanauliza kwa nini tunapea kazi mtu hana karatasi. Nimewaambia waangalie kazi. Usiniangushe."

Usiniangushe! Nimelala na neno hilo siku tano. Mumbua anamaliza shule mwaka huu, na hajasema lolote kuhusu chuo. Hata moja. Mtoto akinyamaza hivyo, ujue anakuonea huruma. Ile barua ndiyo niliyotaka kumwekea mezani leo, nijifanye nimeisahau pale.

Basi asubuhi nimeamka kabla ya jogoo. Nimepiga pasi blauzi mara mbili. (Upande mmoja mara mbili. Ule mwingine niliukumbuka nikiwa tayari kwenye gari la daktari aliyenipa lifti.)

Tumefika saa nne. Mkutano ulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa, ule wa mabati. Wazee mbele, kina mama upande wa kulia, vijana wamesimama nyuma na simu mkononi, tayari kurekodi chochote. Shuka jeupe limetundikwa ukutani. Projekta wamekodi. Nikasalimiwa na mama mmoja mnene aliyevaa shanga hadi mabegani, wanamwita Ng'oto Lekishon, yaani Mama Lekishon.

"Entito, takwenya!"

"Iko!" nikaitikia salamu kwa lugha yao, kwa nguvu, nikajiona mwenyeji.

"Ni wewe ndio umeleta hiyo mashine ya ng'ombe?"

"Ni mimi, mama."

Akaniangalia kutoka viatu hadi kichwa, akasimama kidogo kwenye blauzi. "Haya. Tuone."

Nasieku akanivuta kando. Kwa mara ya kumi akanikumbusha jambo moja: hapa watu hawahesabu ng'ombe wao hadharani. Mtu anajua mifugo yake kwa rangi na kwa sura, na akirudi jioni anajua nani hayupo. Kutaja idadi mbele ya watu ni kuialika balaa. "Ile laini ya jumla, ulitoa?"

"Nilitoa."

"Kabisa?"

"Kabisa." Hiyo kweli nilikuwa nimetoa. Nilikuwa najivunia sana. Nilijiambia kama nimekumbuka jambo dogo kama hilo, makubwa yote yako sawa. (Akili ya mtu mwenye hofu hujipa cheti yenyewe.)

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo, mwelewe kosa, kwa sababu kosa lilikuwa limeshaiva wiki sita zilizopita.

Ukurasa wa kuonyesha mifugo niliujenga juu ya kiunzi, yaani mifupa ya programu ambayo watu wengine wameshaijenga, wewe unatia nyama. Ndani ya ukurasa niliweka kikapu. Mfugaji akiingia, ukurasa unakwenda ghalani, yaani pale data zote zinapohifadhiwa, unachukua ng'ombe wake, unawatia kikapuni, kisha unawaonyesha. Rahisi. Nilipokuwa najaribu nyumbani, nilitumia jina la marehemu mama na ng'ombe mmoja, yule wa kijivu tuliyekuwa naye nikiwa mdogo. Nikafungua ukurasa. Ng'ombe akatokea. Nikaufungua tena. Ng'ombe akatokea mara mbili.

Mtu mwenye busara angejiuliza, "Kwa nini wamekuwa wawili?"

Mimi nilikwenda kutafuta aina nyingine ya kikapu, kinachokataa pacha. Ukikitia kitu ambacho tayari kimo, kinakaa kimya. Nikaweka hicho. Ng'ombe akawa mmoja. Nikajipongeza. Nikaenda kuinjika chai!

Na msiniulize kwa nini sikujaribu na mfugaji wa pili. Nilijaribu. Nilimwandikisha mfugaji wa kubuni, nikafungua ukurasa wake, nikaona ng'ombe wake tu. Nilichosahau ni kwamba kati ya mfugaji wa kwanza na wa pili stima ilipotea, kama kawaida yetu, laptopu ikazimika, nikaiwasha upya. Kila kitu kikaanza safi. Stima za Kitengela zilinifunikia aibu kwa wiki sita.

Leo stima ya Mashuuru haikupepesa hata jicho.

Haya. Tumeanza. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti mwenyewe, Mzee Koikai, mrefu, fimbo nyeusi, kofia ya kahawia. Nasieku aliwaandikisha wanachama wiki iliyopita, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kuandika jina na kubonyeza. Nikabonyeza.

Ng'ombe wa Mzee Koikai wakatokea kwenye shuka, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na picha yake. Mweusi mwenye kiuno cheupe. Mwekundu mwenye paji jeupe na pembe la kushoto lililoinama. Wa madoadoa. Fahali wa kijivu mwenye sikio lililokatwa ncha.

Ukumbi ukavuta pumzi. Mzee mwenyewe alisogea mpaka karibu na shuka, akawaangalia mmoja mmoja kama anayewapokea jioni. Kisha akacheka.

"Wote wako nyumbani," akasema.

Makofi! Wenzangu, makofi yalipigwa mpaka mabati yakatetema. Nasieku akanifinya mkono. Nikaona barua. Nikaona muhuri. Nikaona Mumbua akiuliza, "Hii ni nini?" nami nikisema, "Ah, karatasi tu."

"Wa pili," Nasieku akaita. "Mzee Tipape."

Mzee Tipape ni jirani wa Mzee Koikai, maboma yao yanaonana. Mfupi, mchangamfu, meno mawili ya chini hayapo. Jambo moja sikuwa nimeambiwa: yule ng'ombe mwekundu mwenye paji jeupe na pembe lililoinama aliwahi kuwapeleka wazee hawa wawili hadi kwa chifu. Alizaliwa mwaka wa kiangazi kikali, makundi yalipochanganyika, na kila mmoja aliapa kwamba mama yake alikuwa wake. Chifu aliamua ni wa Koikai. Tipape alikubali kwa mdomo. Moyo wake nadhani haukuitwa siku hiyo.

Nikaandika jina. Nikabonyeza.

Ng'ombe wa Mzee Tipape wakatokea. Vizuri kabisa. Kisha wakaendelea kutokea. Mweusi mwenye kiuno cheupe. Wa madoadoa. Fahali wa kijivu mwenye sikio lililokatwa ncha. Na katikati ya shuka, mkubwa kama mlango, mwekundu mwenye paji jeupe na pembe la kushoto lililoinama.

Juu yake kumeandikwa: MIFUGO YA MZEE TIPAPE.

Nilisikia projekta ikipumua.

Mzee Tipape akainuka polepole. Akatoa kofia.

"Kumbe hata kompyuta inajua," akasema.

Jamani!

"Inajua nini?" Mzee Koikai naye amesimama. "Inajua nini, wewe?"

"Sijasema kitu. Mimi nimeketi hapa. Mashine imesema yenyewe."

"Hiyo ng'ombe ni yangu! Chifu alisema!"

"Chifu ni mtu. Hii imetoka Nairobi."

"Imetoka Kitengela," mtu akasema kutoka nyuma, na vijana wakaangua kicheko, na simu zote zikainuliwa juu.

"Wazee," nikasema, na sauti ikatoka kama ya kifaranga, "wazee wangu, ni kosa dogo tu. Nafikiri jina la Mzee Tipape liliandikwa vibaya."

(Nilimsingizia mzee wa watu! Jina lake lilikuwa sawa. Nilisema la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe.)

Nasieku akaniinamia sikioni. "Mwende. Nini hiyo?"

"Nipe dakika moja."

Nikafanya kile ambacho kila mtu wa Kitengela hufanya kitu kikimshinda. Nikachomoa laptopu ukutani, ikafa, nikaichomeka, nikaiwasha. Nikasubiri. Wazee wamesimama, kila mmoja na fimbo yake. Nilihesabu pumzi zangu. (Pumzi inaruhusiwa kuhesabiwa, niliuliza.)

Ikawaka. Nikaandika jina la Mzee Tipape tena. Wakatokea ng'ombe wake. Wake tu. Yule mwekundu hayupo.

"Ahaa!" ukumbi ukasema.

"Imerudisha," Mzee Koikai akasema, akakaa. Mzee Tipape akavaa kofia yake na kuangalia shuka kwa huzuni, kama mtu aliyeonyeshwa chakula kikarudishwa jikoni.

Makofi tena. Madogo, lakini makofi. Nikapangusa jasho kwa mkono wa blauzi. Wenzangu, kama ningekuwa na akili hata ya kuku, ningesema hapo, "Asanteni, tumefunga na maombi." Kwa sababu moyoni nilijua. Kitu kinachopona kwa kuzimwa hakijapona. Lakini makofi ni kitu kitamu, nami nilikuwa na barua kichwani.

"Wa tatu," nikasema mwenyewe, kwa mdomo wangu. "Mzee Sironka."

Mzee Sironka alikuwa amekaa karibu na mlango. Mzee sana, shuka lake limepauka mpaka rangi ya vumbi. Kiangazi kilichopita kilimchukulia mifugo, akabaki na ng'ombe wawili. Wote pale ukumbini wanajua, na hakuna anayemtajia. Alikuja mbele kwa hatua ndogo ndogo, akakataa kiti, akasimama mbele ya shuka na mikono yake miwili juu ya fimbo.

Nikabonyeza.

Wakatokea ng'ombe wake wawili. Kisha wakatokea wa Mzee Tipape. Wote. Safu baada ya safu, wekundu, weusi, wa madoa, mpaka shuka halikutosha na wengine wakaanza kuonekana kwenye mabati.

MIFUGO YA MZEE SIRONKA.

Mzee Sironka aliangalia juu, akaangalia chini. Kisha akainua fimbo yake kwa mikono miwili kuelekea paa.

"Ashe Enkai," akasema. "Asante Mungu. Nilijua utarudisha."

Ukumbi ulipasuka. Kina mama walicheka mpaka shanga zikalia. Kijana mmoja alitoka nje kucheka huko kwa sababu ndani hapakumtosha. Mzee Tipape alikuwa akipiga kelele, "Sironka! Sironka, hizo ni zangu!" na Mzee Sironka akamgeukia kwa upole mkubwa.

"Si wewe ndio umesema mashine inajua?"

"Hiyo ilikuwa kwa ile nyekundu!"

"Ah. Kumbe inajua siku zingine tu."

Mzee Koikai, ambaye dakika kumi zilizopita alikuwa karibu kunifukuza, alicheka mpaka akashika nguzo. Mimi peke yangu ndiye sikucheka. Nilitamani stima ipotee. Nilitamani mvua. Nilitamani hata nyoka aingie, mdogo tu, watu watoke.

Nikaanza kufunga laptopu.

"Unaenda wapi?" Mzee Koikai akauliza. Kicheko kilikuwa kimeisha.

"Nyumbani, mzee. Nikarekebishe, kisha..."

"Hapana." Akagonga fimbo chini. "Ng'ombe zikichanganyika kwa maji, kuna mtu anaenda nyumbani kulala?"

"Hapana," ukumbi ukajibu.

"Mpaka lini?"

"Mpaka kila moja ipate mwenyewe."

"Nani anatenganisha?"

"Aliyechanganya!"

Basi nikatenganisha. Wenzangu, nimesimama kando ya lile shuka na fimbo ya kuelekezea niliyokopeshwa na mzee mmoja, nikisoma ng'ombe mmoja mmoja kwa sauti, nao wakitaja mwenyewe. Nikasema, "Mweusi, pembe fupi..." Wakasema, "Tipape." Nikasema, "Wa kahawia, mkia mweupe..." "Tipape." Nikasema, "Mwenye..." "Tipape! Huyo ni binti ya yule aliyevunjika mguu." Sikuwahi kumaliza sentensi. Wale wawili wa Mzee Sironka, ukumbi mzima uliwataja kwa pamoja, kwa heshima, na Mzee Sironka akainamisha kichwa. Ilichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Mimi nimetumia miezi minne kujenga kitu ambacho vichwa vyao vinafanya wakiwa wamekaa. (Hapo ndipo niliumia. Kucheka kwao hakukuniuma hivyo.)

Nikafikiri tumemaliza. Hatukuwa tumemaliza.

"Sasa," Mzee Koikai akasema, "tuambie zilichanganyikia wapi."

"Mzee, ni mambo ya ndani ya programu. Ni magumu kidogo."

"Sisi tuko na siku mzima."

Nikamwangalia Nasieku. Alikuwa ameinamisha uso kwenye daftari lake. Nikafungua programu yangu pale pale, mbele ya watu wote, maandishi yakamwagika kwenye shuka. Nikaanza kusoma kuanzia juu. Kwanza nikaingia ghalani. Kila ng'ombe alikuwa chini ya jina la mwenyewe, hajaguswa. Nikapumua kidogo. Basi kosa liko kwenye ukurasa. Nikasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu... na hapo nikakiona kile kikapu. Nikasimama.

Kwa sababu nilikumbuka yule ng'ombe wa mama aliyetokea mara mbili.

Kiunzi changu hakijengi ukurasa mpya kwa kila anayeingia. Kinaujenga mara moja, mtu akimaliza kinaurudisha rafuni, mwingine akija anapewa ule ule. Na kabla ya kuurudisha kinafanya adabu: kinafuta kila kitu na kurejesha kila nafasi kwenye hali yake ya mwanzo, ile uliyoitaja siku ya kuujenga ukurasa. Kama ulisema mwanzo ni sifuri, kinarudisha sifuri. Kama ulisema mwanzo ni tupu, kinarudisha tupu. Mimi nilisema mwanzo ni kikapu hiki hapa. Basi kinarudisha kikapu hicho hapo. Pamoja na vilivyomo! Hakijui kuchungulia ndani. Si kazi yake kuchungulia.

"Wazee," nikasema, nikitafuta maneno. Macho yangu yakaangukia kibuyu cha maziwa kilichokuwa miguuni pa Ng'oto Lekishon. "Ni kama kibuyu. Mgeni wa kwanza amekuja, nimemtilia maziwa, amekunywa, ameacha mengine ndani. Ametoka. Kibuyu kimerudishwa pale pale ukutani. Mgeni wa pili amekuja, nimechukua kile kibuyu, nimeongeza maziwa yake juu ya yale, nikampa."

Nilijiona mwerevu. Nilifikiri mfano huo utaniokoa.

Upande wa kina mama uligeuka wote kuniangalia. Ng'oto Lekishon akainuka, shanga zikalia.

"Ngoja. Hukuosha kibuyu?"

"Mama, ni mfano..."

"Umepea mgeni maziwa ya mgeni mwingine? Kibuyu hujaosha? Hujapitisha kaa la moto ndani?"

"Kwa kompyuta, mama. Kibuyu cha kompyuta."

"Kibuyu ni kibuyu!"

"Uuuwi!" mama mwingine akasema, akafunika mdomo.

Wenzangu, kosa la programu walikuwa wamenisamehe. Walilichekea, likapita. Hili la kibuyu halikupita. Nilikuwa nimesimama mbele ya maboma yote ya upande ule nikikiri kwa kinywa changu, kwa mfano wangu, na picha ukutani, kwamba mimi ni mwanamke asiyeosha kibuyu. Wazee waliangalia chini kwa aibu ya kunionea aibu. Mzee Tipape akasogeza kikombe chake cha chai mbali nami. (Chai hata sikuipika mimi!)

"Kwenu nani alikufundisha?" Ng'oto Lekishon akauliza. Hakuwa mkali tena. Aliuliza tu.

"Kwetu mwalimu ni mimi," nikasema. "Mama hayupo. Nawalea wawili. Huwa nafanya kila kitu peke yangu, na hiki pia nilikijaribu peke yangu."

Akanitazama. Akaja mbele, akaweka kibuyu chake mezani kando ya laptopu.

"Basi kioshe sasa. Sisi tunaangalia."

Nikakiosha. Nikaondoa kikapu pale juu, penye siku ya kujengwa kwa ukurasa. Nikaacha nafasi tupu. Nikateremka chini, kwenye ile sehemu inayoendeshwa kila mara mtu anapoingia, kabla hajaonyeshwa kitu, na hapo nikaandika kikapu kipya kitengenezwe, chake peke yake. Mstari mmoja kufutwa, mstari mmoja kuandikwa. Miezi minne na aibu ya maisha, mistari miwili. Nikamwondoa na yule mkataa pacha, mnafiki mkubwa.

Nikaita Koikai. Wake tu. Nikaita Tipape. Wake tu. Nikaita Sironka, na wakatokea wawili tu, na shuka jeupe kubwa lililobaki. Hakuna aliyepiga makofi safari hii. Nadhani wote tulikuwa tunaangalia lile shuka.

"Zilikuwa nzuri," Mzee Sironka akasema, akarudi mlangoni kwake.

Wanakamati wakatoka nje kushauriana. Nilibaki nikikunja nyaya, nikizikunjua, nikizikunja. Waliporudi, Mzee Koikai hakukaa.

"Leo hatupeani barua," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa.

"Urudi Alhamisi. Na usije peke yako na hiyo mashine. Watu wengi waingie pamoja, wakati mmoja, watoke, waingie tena. Tuone kama kibuyu kimezoea kuoshwa ama kilioshwa kwa sababu tulikuwa hapa."

"Na hao wa Nairobi?" mwanakamati mmoja akauliza.

"Hao nao waje Alhamisi. Walete na cheti zao."

Nasieku alinisindikiza hadi kwenye gari la daktari. Nilingoja aniambie nimemwangusha. Alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena.

"Hukuzima ukatoroka," akasema. "Kuna mtu kwa kamati ameliona hilo. Mmoja." Kisha akaongeza, "Lakini ni mmoja tu, Mwende. Tuko saba."

Gari lilipokuwa likiondoka, Mzee Sironka alikuja dirishani kwa zile hatua zake. Amejitolea kuwa wa kujaribiwa Alhamisi. Ana ombi moja. Anaomba awe wa mwisho.

Basi niko nyumbani. Kioko ameshaiona video, mtu ameituma kwenye kundi la darasa lao. Mumbua aliangalia meza, akaangalia mkoba wangu, hakuuliza. Nikamwambia, "Alhamisi." Akasema, "Sawa," akaenda kuosha vyombo, na amekiosha kila kikombe mara mbili akinitazama kwa jicho la pembeni. (Video ina sauti.)

Sitawakataza kucheka. Hata mimi nilipofika kwa Mzee Sironka nimecheka kidogo nikiandika. Ila ukimaliza, nitumie jina na rangi ya ng'ombe wako, na kama huna ng'ombe, buni. Nahitaji watu ishirini waingie kwa pamoja kabla ya Alhamisi, na mpaka sasa niko na Kioko, Mumbua, na jirani mmoja ambaye ameandikisha kuku.